Delta si dawa ya kila kitu

SWALI: Natengeneza mchezo wa 2D wa kurukia majukwaa kwa Godot 4, injini ya kutengenezea michezo. Mwendo wote wa mhusika nimeuandika ndani ya _process, ile kazi inayoitwa kila fremu inapochorwa. Kasi ya kuruka ni pikseli 600 kwa sekunde, mvutano 1800, na jukwaa la kwanza liko pikseli 104 juu ya sakafu. Kwenye skrini yangu ya hezi 60 mhusika anapanda bila shida. Rafiki yangu ana skrini ya hezi 144 na kompyuta yenye nguvu kuliko yangu, lakini yeye hapandi hata ajaribu vipi. Mvutano nimeuzidisha kwa delta (muda uliopita tangu fremu iliyotangulia) kama tunavyofundishwa. Wapo wanaoniambia nifunge mchezo kwenye fremu 60 tu, yaishe. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifunge. Kompyuta ya rafiki yako haina kosa. Yeye ndiye anayeruka karibu na kimo halali. Wewe ndiye unayependelewa.

Piga hesabu. Kwa kasi ya 600 na mvutano wa 1800, kimo sahihi ni 600 mara 600, gawa kwa 3600, yaani pikseli 100. Lakini msimbo wako, kama umefuata kiolezo kinachokuja na Godot, unaongeza mvutano pale tu mhusika asipokuwa sakafuni, kisha kitufe cha kuruka kinaweka kasi, kisha move_and_slide inamsogeza. Kwa hiyo fremu ya kwanza anasafiri kwa 600 kamili bila kukatwa chochote, na kila fremu inayofuata anasafiri kwa kasi aliyokuwa nayo mwanzoni mwa fremu ile, ingawa kasi hiyo inapungua muda wote. Anapewa ziada kidogo kila mara, na fremu ikiwa ndefu ziada inakuwa kubwa. Jumla yake ni nusu ya kasi ya kuanzia mara urefu wa fremu. Kwa fremu 30 kwa sekunde anafika 110, kwa 60 anafika 105, kwa 144 anafika 102 na ushei. Jukwaa lako liko 104. Mwenye laptopu chovu ya fremu 30 angelipanda huku akicheka.

Ukigeuza mpangilio, mvutano ukatwe hata kwenye fremu ya kuruka kabla ya kusogea, kosa linageukia upande wa pili: 90, 95, na karibu 98. Delta ni ile ile, namba ni zile zile, na bado una michezo mitatu tofauti.

Tiba yako ni fupi. Hamisha mwendo wote wa mhusika uende _physics_process. Pale Godot inapiga hatua 60 za sawasawa kwa sekunde hata skrini iwe ya aina gani, na kila mtu atafika 105. Halafu shusha jukwaa liwe 96, kwa sababu pikseli moja ya nafasi si muundo wa ngazi, ni bahati nasibu. Rafiki yako wa hezi 144 sasa ataona mhusika anasogea kwa kushtukashtuka, maana skrini inachorwa mara 144 na mwili unasogea mara 60. Kwa hilo nenda mipangilio ya mradi, sehemu ya fizikia, washa physics interpolation, inayomchora mhusika katikati ya hatua mbili. Kwa 2D ipo tangu toleo la 4.3. Ukimhamisha mhusika ghafla, kama anapofufuka, ita reset_physics_interpolation, la sivyo ataonekana akiteleza skrini nzima kurudi mwanzo.

Hapo swali lako limekwisha. Ila kauli ya “zidisha kwa delta” inastahili maneno zaidi, kwa sababu kila wiki inazalisha mchezo mwingine mbovu.

Delta inasahihisha kitu kimoja: mwendo wa kasi isiyobadilika. Kitu kinachokwenda pikseli 200 kwa sekunde, zidisha kwa delta, umemaliza. Kasi ikianza kubadilika, delta inapunguza kosa lakini hailiondoi. Video za “tengeneza mchezo kwa dakika kumi” hazisemi hivyo, kwa kuwa anayefundisha anajaribu kwenye mashine moja na skrini moja.

Wanafunzi wa video hizo huishia kuzidisha hata visivyotaka. Wanazidisha velocity (kasi ya mhusika) kwa delta kabla ya move_and_slide, wakati yenyewe tayari inazidisha kwa ndani. Mhusika wa kasi ya 600 anatambaa pikseli 10 kwa sekunde, basi mtu anapandisha kasi hadi 36000 na kuona ametatua. Ndani ya _process, namba hiyo kwenye skrini ya hezi 144 inakuwa pikseli 250 kwa sekunde badala ya 600. Ndani ya _physics_process kosa linajificha vizuri zaidi, mpaka siku utakapopandisha hatua za fizikia ziwe 120 na kila kiumbe kipoteze nusu ya mwendo wake.

Kipanya nacho. Kinacholetwa na kipanya ni umbali ambao mkono umeshasogea tangu taarifa iliyopita. Ni umbali, si kasi. Ukizidisha kwa delta, kamera inakuwa nzito fremu zikiwa nyingi na inaruka ovyo mchezo ukikwama kidogo. Kijiti cha kidhibiti ni kinyume chake: kinatoa kiwango cha kusukumwa, hivyo hicho zidisha. Mchambuzi anayeandika kwamba “kamera ina uzito wa ajabu” huenda anaeleza kosa hili bila kulijua, na mtengenezaji anajibu kwa kuongeza kitelezi cha usikivu kwenye menyu.

Kamera inayomfuata mhusika kwa kuongeza asilimia 10 ya umbali uliobaki kila fremu haiponi kwa kuandika 6 mara delta (6 ni 0.1 mara fremu 60). Ukitaka kamera ya haraka zaidi ukaandika 20 badala ya 6, delta ikifika 0.1 mchezo ulipokwama, 20 mara 0.1 ni 2, na kamera inapita shabaha kwa umbali ule ule uliokuwa umebaki. Andika 1 kutoa exp ya hasi 6 mara delta. Haivuki 1 kamwe. Msuguano wa kuzidisha kasi kwa 0.95 kila fremu unakuwa pow, yaani 0.95 kwa kipeo cha delta mara 60. Na adui anayefyatua kwa bahati ya asilimia moja kila fremu anapiga wastani wa mara 0.6 kwa sekunde kwenye hezi 60 na mara 1.44 kwenye hezi 144: mpe kipima muda.

Sasa hao wa kufunga fremu. Kufunga ni dari, si sakafu. Kunamzuia mwenye 144, ila hakumpi fremu hata moja mwenye kompyuta inayofikisha 40, na huyo ndiye anayeruka mpaka mahali usipopapanga. Hata studio kubwa zimenaswa: kwenye Dark Souls II silaha zilichakaa upesi zaidi kwenye fremu 60 kuliko 30, na rekebisho lilikuja 2015, mwaka mmoja baada ya mchezo kutoka. Ikiwa wenye wapimaji wa kulipwa walipitwa, rafiki yako mmoja hatoshi.

Hatua zisizobadilika nazo zina mipaka yake. Kwa kawaida Godot haipigi zaidi ya hatua 8 za fizikia ndani ya fremu moja, kwa hiyo chini ya fremu 7.5 kwa sekunde mchezo unakwenda polepole badala ya kuruka hatua. Usiipandishe namba hiyo ukidhani unasaidia mashine dhaifu. Hesabu za fizikia zikichukua muda mrefu kuliko hatua yenyewe, kila fremu inadai hatua nyingi zaidi ya iliyotangulia na mchezo unaganda. Na risasi ya pikseli 3000 kwa sekunde inaruka pikseli 50 kila hatua. Ukiisogeza kwa kubadilisha position tu, ukuta wa pikseli 16 inaweza kuupita bila kuugusa. Hiyo ipime kwa mwale kutoka ilipokuwa hadi inapokwenda.

Kabla ya kumtumia mtu yeyote toleo jipya, zima vsync (inayofungamanisha fremu na skrini), weka Engine.max_fps, yaani ukomo wa fremu, kwa zamu kuwa 20, 30, 60 na 144, ruka mara tano kila moja, na uchapishe kimo cha juu kabisa cha mhusika. Baada ya kuhamia _physics_process unatakiwa kuona 105 kila mahali. Ukiona namba nyingine, kuna mstari unaogusa velocity ambao umebaki kwenye _process. Anza kutafuta kwenye msimbo wa kukimbia kwa ghafla na wa kurushwa nyuma unapopigwa, kwani hiyo huandikwa baadaye na kusahaulika.