Mafuta Yasubiri Kwanza

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza ni mafuta gani yanayofaa kupakwa mtoto mdogo mwenye kichwa kikavu kinachomwasha. Kusema kweli swali hilo lilinikera, kwa sababu hapa Unguja na kule Pemba mafuta hayajawahi kutupungukia. Tunachopungukiwa ni subira ya kukitazama kichwa kabla ya kukipaka. Mtoto akijikuna mara mbili tu, mama ameshaifungua chupa ya mafuta ya nazi, jirani anashauri habasoda, na bibi anataka majani ya mkunazi yapondwe.

Nitaeleza yaliyotokea Wete, nyumbani kwa shangazi yangu, msimu wa kaskazi. Mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka mitano, aliletwa akiwa anajikuna hata usingizini. Mama yake alikwisha amua kwamba ni ukavu uliosababishwa na maji ya kisima yenye chumvi na sabuni ya mche, na dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani vyote viwili hukausha ngozi. Shangazi ni mtu wa kukuna nazi mwenyewe, kukamua tui na kulichemsha mpaka mafuta yajitenge na shata, hivyo sikumtarajia kabisa kuwa yeye ndiye atakayeyazuia. Alimkalisha mtoto barazani penye mwanga, akayafumua mabutu yote, kisha akazigawa nywele kwa mkia wa kitana, fungu baada ya fungu, bila ya kusema neno, huku sisi wengine tukichoka kusubiri na mtoto akilalamika kwamba anavutwa. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na kiraka chenye magamba ya kijivu, na nywele zake zilikuwa zimekatikia kwenye ngozi hata zikabaki vidoa vyeusi. Shangazi akapapasa tezi zilizovimba kisogoni, ndipo akamwambia mama yake, "Mwanangu, haya mapunye haya. Mafuta yangu hayafiki hapa, mpeleke hospitali." Akaagiza mtandio wa chuoni, yaani madrasa, ufuliwe kwa maji ya moto, na kitana kile kisimguse mtoto mwengine.

Hospitali walikubaliana naye. Kuvu ya mapunye hujipenyeza ndani ya shina la unywele, ambako mafuta na krimu za kupaka haziwezi kuimaliza, kwa hiyo mtoto aliandikiwa griseofulvini ya kumeza, dawa ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwengine zaidi. Dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikifuatana na chakula chenye mafuta, basi nazi ya shangazi nayo ikapata kazi, ila ndani ya wali. Muwasho ulipokoma mama alitaka kuziacha dawa. Shangazi hakumpa nafasi hiyo.

Wengi wangesema ni mba tu. Lakini mba ya watu wazima hushamiri baada ya kubalehe, kwa hiyo mtoto wa umri wa chuoni akitoka magamba, mapunye na pumu ya ngozi ndiyo ya kufikiriwa mwanzo, pamoja na chawa. Linalonitisha zaidi ni krimu za steroidi zinazonunuliwa bila ya kuandikiwa na daktari, kwani hutuliza muwasho huku kuvu ikizidi kuenea chini yake.

Nilikusudia kumalizia kwa kusema kwamba mafuta yaachwe kabisa, lakini kadiri ninavyoandika naona kwamba nitayaonea. Ule ukoko wa njano wa utosini kwa mtoto mchanga hulainika kwa mafuta kidogo, kisha ukaoshwa na kusuguliwa taratibu kwa brashi laini, bila ya kubanduliwa kwa kucha, na mara nyingi huondoka wenyewe baada ya miezi michache. Kichwa kilicho kikavu tu nacho hufaidika.

Basi kama ni lazima nijibu mlivyouliza, nasema mafuta ya nazi yasiyotiwa manukato, kidogo, juu ya kichwa kilichokwisha oshwa na kusuuzwa vizuri kwa maji yasiyo na chumvi. Yasipakwe, hata hivyo, ikiwa nywele zinakatika, pana usaha au uvimbe, au ndugu wa nyumba moja wameanza nao kujikuna. Watoto hao waonwe na daktari wote pamoja, hata yule ambaye bado hajakuna kitu.