Bajeti ikikatwa, usianze na grisi

Usiku ule dagaa walikuwa wengi, taa za wavuvi zimetanda ziwani mpaka unadhani ni mji. Saa nane tukapigiwa simu: mtumbwi umepinduka, watu wako majini. Nikakimbilia boti yetu ya doria, nikawasha. Ikakoroma mara mbili, kimya. Betri imekufa, chujio la mafuta halijabadilishwa miezi 14, maana fungu la vipuri ndilo lililokatwa kwanza. Wavuvi ndio waliowaokoa wenzao. Sisi tulisimama gatini na tochi.

Nilikuwa fundi wa injini jeshini miaka mingi. Sasa nimestaafu, naishi Ujiji. Jina la kambi ile silitaji. Naandika kwa wadogo zangu mlioko kazini, hasa mnaokaa vikao vya kugawa fedha. Bajeti ikipungua, mkono hukimbilia matengenezo na mazoezi kwa sababu hayapigi kelele. Mshahara ukichelewa, mtausikia mwezi huohuo. Oili isipobadilishwa, injini hunyamaza mpaka siku unapoihitaji.

Hata wenye fedha yamewakuta. Mwaka 2013 bajeti ya Marekani ilipokatwa ghafla, jeshi lake la anga lilisimamisha baadhi ya vikosi vya ndege za kivita kwa miezi kama mitatu. Ndege zipo, marubani wapo, lakini rubani asiyeruka mkono unapotea, na kuurudisha kunataka mafuta na muda upya.

Kwa hiyo punguzeni idadi, msipunguze uzima. Sisi kwenye daftari tulikuwa na boti tano. Starta ya hii ikafungwa ile, pampu ya ile ikahamia nyingine, mwisho hakuna hata moja ya kuaminika. Nikamwomba mkuu wangu tulaze mbili, yaani tuzitoe kazini kwa muda, tatu zilizobaki zipate kila kitu. Alisita, kwani taarifa ya kambi ingesomeka vibaya kule juu. Alinielewa mwaka uliofuata. Tangu hapo kila Jumatatu alfajiri zile tatu zilitoka ziwani, kila moja na wanamaji wake, hata kwa nusu saa. Kuwasha injini ukiwa umefunga kamba gatini si mazoezi.

Na kulaza si kutelekeza. Julai 1916 mafundi wa Kijerumani, kabla ya kuizamisha meli yao Graf von Götzen hapa Kigoma, walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Karibu miaka minane tangu izamishwe hadi kuibuliwa! Boti ya kulala nchi kavu inataka turubai, betri iliyotolewa, grisi, na mtu mmoja mwenye jina lake kwenye daftari.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi, nami nililichelewa. Kwenye taarifa ya utayari andika boti tatu, si tano. Chini yake andika kazi ambayo kambi haitaiweza kwa fungu lililotolewa, kisha weka sahihi na tarehe.