Kwa mnaoanza kazi ya nyaraka: msikimbilie kupanga

Wadogo zangu mliotoka chuo juzi, Tabora au Mlimani, mmepangiwa masjala au chumba cha nyaraka mkoani, nina jambo nataka niwaambie maana mimi nililijua baada ya kuharibu.

Mwaka wangu wa kwanza ofisi moja ya wilaya ilitukabidhi makaratasi ya enzi za Mwingereza, bunda limefungwa kamba ya katani, pini zimeota kutu mpaka zimetoboa karatasi, namba za folio, yaani namba ya kila karatasi kwenye faili, kwenye kona zote mchwa kala. Nikaona barua ya 1947 imelala katikati ya za 1951, nikasema haya yamechanganyika, nikakaa siku 2 nikayapanga yote kwa tarehe, yakapendeza kweli. Mle ndani kulikuwa na barua ya mjane analalamikia shamba la minazi la marehemu mumewe, kaandikiwa na karani, chini kaweka dole gumba kwa wino wa zambarau. Baadae akaja mjukuu wake kuuliza bibi alijibiwa nini. Dokezo la bwana shauri, yule ofisa wa Kiingereza wa wilaya, lipo, limeandikwa ombi hilo hapo juu likubaliwe, basi, jina hamna. Hapo juu ya lipi? Nilikuwa nimeshavuruga, na yule kijana aliondoka mikono mitupu. Mpaka leo inaniuma.

Kwahiyo ukikuta bunda usiliguse kwanza. Piga picha na simu lilivyo, andika limetoka wapi na kaleta nani, halafu kila karatasi ipe namba kwa penseli, peni hapana. Mikono iwe misafi na mikavu inatosha, glovu zinakunyima kuhisi karatasi na utaichana.

La pili, hasa kwa wadada mnaotaka kuandika historia ya mkoa wenu. Vile vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza toka miaka ya 1920 vimejaa machifu, kodi na mipaka, mwanamke anatokea akiwa na kesi. Ukiishia humo utaandika mkoa wa wanaume watupu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walienda vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka Maji Maji, na miaka ya 1980 mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger akakaa na Bibi Titi Mohamed na wenzake wa TANU, ndo ikaeleweka vizuri vile vikundi vya ngoma vya kina mama kama lelemama vilivyokibeba chama mitaani. Hayo kwenye mafaili ya serikali usingeyapata.

Ila bibi hafunguki sebuleni wanaume wamekaa. Mfuate uani akichambua mchele, mpe shikamoo yake, chukua ungo umsaidie, omba ruhusa ya kurekodi, alafu muulize ngoma yao iliitwa nani na alicheza na kina nani, utashangaa majina yanavyomiminika. Usiku huohuo andika jina lake, kijiji na tarehe, na hiyo sauti uihifadhi sehemu 2, simu zinaibiwa.

Lile bunda langu bado lipo. Ndani ya boksi nimeweka karatasi nimeandika kwa penseli kwamba mpangilio huu sio wa asili, umebadilishwa na mimi, jina langu na mwaka, ili atakayelifungua asije akadhani hivi ndivyo lilivyokuja.