Kiolezo nimechagua, ukurasa haubadiliki

Dada wa Hombolo, unasema kwenye tovuti yako ya WordPress umeupa ukurasa wa Habari za Zabibu kiolezo (mpangilio wa sura ya ukurasa) cha upana wote, lakini ukiufungua sura ni ileile. Usiitupe themu, yaani vazi la tovuti, kwanza. Ingia Mipangilio (Settings), halafu Kusoma (Reading). Naona kama ukurasa huo umewekwa kuwa wa machapisho, yaani wa kuorodhesha habari zako, na hapo WordPress haijali kiolezo ulichochagua: kwenye themu za PHP (zile zinazojengwa kwa mafaili ya msimbo) inatafuta faili la home.php, isipoipata inachukua index.php. Ondoa uchaguzi huo, hifadhi, jaribu tena. Ukitaka orodha ya habari ibaki hapo, basi rekebisha home.php kwenye themu-mtoto, yaani themu ndogo inayorithi ile kuu.

Mimi uchaguzi huohuo ulinifanya nikeshe Area C, mtaa wa Dodoma, mpaka chai ikapoa, nikiulaumu mtandao wa watu bure.