Jibu: Treni ya usiku inaonyesha "hakuna nafasi" miezi minne kabla

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: unataka treni ya usiku ya miezi minne ijayo, mfumo unasema hakuna nafasi, na kila ukirudia jibu ni lile lile.

Angalia kwanza kama mauzo ya tarehe hiyo yameshafunguliwa. Mifumo mingine haitofautishi "imejaa" na "bado hatujaanza kuuza", jambo linalokera kweli. India, kwa mfano, tangu Novemba 2024 tiketi za kawaida hufunguliwa siku 60 tu kabla ya safari. Awali zilikuwa 120, na maelezo ya zamani bado yamezagaa mtandaoni. Jaribu tarehe ya wiki chache zijazo kwenye njia hiyo hiyo. Ikitokea treni, basi subiri tu mauzo yafunguliwe.

Kama yamefunguliwa, tafuta kipande kwa kipande. Mimi hufanya hivyo hasa safari ikivuka mpaka, maana tovuti ya shirika moja mara nyingi haioni treni za jirani. Ubaya wake, ukiwa na tiketi mbili tofauti na treni ya kwanza ikachelewa, ya pili inaweza kukuacha na hela isirudi. Acha muda wa kutosha katikati, na ukate kwanza kipande chenye vitanda.

Pasi ya Interrail (tiketi moja ya kusafiri kwa treni nchi nyingi za Ulaya) nayo haimalizi kazi: TGV, yaani treni za mwendo kasi za Ufaransa, zinataka uweke nafasi mapema kwa malipo ya ziada, wakati Ujerumani treni nyingi unapanda tu.

Tuandikie unatoka wapi kwenda wapi, na tarehe.