Kabla hujaachia wimbo wa harakati: ninayowaambia vijana wanaokuja studio

Kijana akiingia studio kwangu Mburahati, Dar es Salaam, akasema anataka kurekodi ngoma ya harakati, namuuliza kwanza: kimekugusa nini? Wengi hunijibu, "Mfumo, kaka." Basi namwomba akae kwenye benchi pale nje, achukue daftari, aandike jambo moja aliloliona kwa macho yake. Lilitokea wapi, siku gani, nani alitoa shilingi ngapi. Wapo wanaochukia wakaondoka. Wanaobaki ndio ninaowaandikia hapa, na wengine wanaoanza kazi hii mahali pengine jijini.

Nyimbo za "wakubwa wanakula, wanyonge tunalia" nimerekodi nyingi mno, na sikumbuki mstari wa hata mmoja. Hakuna anayezibishia, hakuna anayezikumbuka. Jambo lenye mahali na siku yake linakaa kichwani. Miaka ya 1920 kule Unguja, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliimba kisa cha Kijiti: mwanamke mgeni ameuawa, mwuaji, huyo Kijiti, ametoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakafungwa. Hakuhitaji kutangaza kwamba mahakama za wakoloni haziwatendei haki watu wake. Alisimulia kesi, na mpaka leo tunaijua.

Kundi la rapu la Wagosi wa Kaya kutoka Tanga walifanya vivyo hivyo walipoimba "Wauguzi". Hawakusema sekta ya afya ni mbovu. Walikuingiza wodini, ukamsikia mgonjwa anavyojibiwa. Naye rapa Professor Jay kwenye "Ndiyo Mzee", mwaka 2001, alivaa sauti ya mgombea anayeahidi kila kitu huku umati ukiitikia ndiyo. Ukitaka kujifunza uandishi, ukae na wimbo huo wiki nzima. Hakuna aliyetukanwa mle ndani. Mwanasiasa ameachiwa kipaza sauti, amejieleza mwenyewe, na anayecheka redioni anagundua katikati ya kicheko kwamba umati ule ni yeye. Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe aligombea, akawa mbunge wa Mikumi.

Sasa niseme kosa langu, maana liliniuma. Kuna dogo alikuja na vesi kali kuhusu pesa za taka mtaani kwao. Alimtaja mtendaji wa mtaa kwa jina, kwamba anazila. Biti ilikuwa nzuri, nami nikapenda jinsi anavyochana, sikumuuliza ametoa wapi habari hiyo. Tukaachia. Siku ya tatu mtendaji akaja studio mwenyewe, bila askari, na mfuko wa vitabu vya stakabadhi. Pesa zilikuwa zinakusanywa na mkandarasi. Yeye alikuwa ameandika barua mara kadhaa kumlalamikia huyohuyo. Tulikuwa tumemchafua mtu aliyekuwa upande wetu. Tuliufuta wimbo, tukaenda kumwomba radhi nyumbani kwake, dogo na mimi. Kisha tukauandika upya. Safari hii mistari ilihusu lundo lenyewe: limefikia dirisha la nani, lori lilionekana mara ya mwisho lini, kila nyumba inatoa kiasi gani kwa mwezi. Jina la mtu halikuwamo. Toleo hilo mama ntilie wa jirani alikuwa akiliimba huku akikatakata nyanya.

Hatari ipo, na sitawadanganya. Tarehe 26 Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo "Wapo", ulioikosoa serikali. Kesho yake Rais Magufuli akasema ameupenda, aachiwe, upigwe. Mjini watu wakashangilia kana kwamba milango imefunguliwa. Tarehe 5 Aprili, siku tisa baadaye, rapa mwingine, Roma Mkatoliki, alichukuliwa na watu wasiojulikana akiwa studio hapa Dar es Salaam, pamoja na wenzake, wakaonekana siku tatu baadaye. Nilichojifunza wiki zile ni kwamba ruhusa iliyotoka mdomoni mwa mkubwa haina karatasi, na anayekupa leo anaweza asikupe kesho. Mwaka 2024 Nay yuleyule aliitwa na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kujibu mashtaka kwa ajili ya "Nitasema", wimbo uliogusa habari za watu kutekwa.

Lile neno "wenzake" mlikumbuke. Msanii anajulikana, akiguswa jiji zima linauliza. Anayebonyeza vitufe, mpiga picha wa video, kijana aliyekuja tu kusikiliza, hao hawana anayewaulizia. Kwangu siku hizi hatuanzi kurekodi mpaka kila aliyemo chumbani amesoma mistari yote na kukubali. Asiyetaka anaondoka bila kuitwa mwoga. Kama una mwanasheria unayemfahamu, hata wa msaada wa kisheria, ajue siku unayoachia wimbo. Mwulize pia kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa sababu wimbo ukishapandishwa mtandaoni si muziki tu tena, ni chapisho, na taarifa ya uongo ina kifungu chake.

Jisajili BASATA, na kazi yako uisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Nawasikia mkiguna. Lakini msanii asiye na usajili amempa mtu kosa jepesi la kumshika nalo bila kugusa alichosema. Hivyohivyo matusi. Mwaka 2018 Roma alifungiwa miezi sita, na kilichotajwa ni maadili, kwa wimbo "Kibamia" ambao haukuwa wa siasa hata kidogo. Sauti iliyokuwa ikiwasumbua watu kwa siasa ikanyamaza kwa mlango mwingine. Safisha lugha, libaki jambo lenyewe tu mezani.

Redio usizitegemee. Mtangazaji mmoja aliwahi kuniambia wimbo wetu ni mzuri sana, akaniomba nisimtumie mwingine wa namna hiyo kwa sababu ana watoto. Sikumlaumu. Wimbo wa mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala, "Mambo kwa Soksi", uliohimiza kondomu wakati UKIMWI unaua, Redio Tanzania haikuupiga, na enzi zile redio binafsi hazikuwepo. Watu waliujua hivyohivyo kupitia kumbi na kanda. Ukipanda daladala leo, kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy.

Mtandao nao una swichi yake. Intaneti ilizimwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, maandamano yalipozuka, na jijini tukapewa amri ya kutotoka nje usiku. Siku zile nilikaa na kompyuta yenye nyimbo ambazo sikuwa na njia ya kumtumia mtu yeyote. Nilimfikiria kila msanii niliyemwambia "weka YouTube inatosha". Haitoshi. Weka nakala kwenye flashi tatu, moja ikae kwa mtu asiye wa muziki. Wape madereva wa bodaboda, wape wenye vibanda vya kuchaji simu. Fundisha kiitikio kwa mdomo, kiwe kifupi, mtoto akishike.

Baada ya uchaguzi ule mashabiki wengi waliwageukia wasanii waliopanda majukwaa ya kampeni, wakaacha kuwafuata mitandaoni. Ghafla nikaanza kupigiwa simu na watu wanaotaka wimbo wa harakati kwa haraka, wengine wakiwa walewale walioitwa chawa, yaani wapambe wa wakubwa, mwezi uliotangulia. Niliwakatalia wawili. Labda nilikosea kwa mmoja wao, maana mtu anaweza kubadilika kweli, lakini wote wawili waliniuliza wimbo utapata watazamaji wangapi kabla ya kuniambia unahusu nini.

Sasa hivi ninaye binti wa Tandale, ana miaka ishirini na moja. Nilipomuuliza kimekugusa nini, hakusema mfumo. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne: orodha ya vitu ambavyo dada yake aliambiwa anunue alipokwenda kujifungua, ilhali huduma ile inatangazwa kuwa bure. Glovu, pamba, uzi, mpira wa kulalia, na bei mbele ya kila kimoja. Tukaigeuza orodha kuwa kiitikio. Nilijaribu kuweka singeli kwanza, ule mdundo wa kasi, ikakimbia mno, maneno yakapotea. Tumerudi kwenye ngoma ya polepole na yeye anasoma bei kama karani wa duka. Nilipousikia mara ya kwanza nilizima spika, nikatoka nje kidogo.

Bado hatujauachia. Dada yake hana hakika kama uzi aliulipia yeye au ulikuwepo, na jumamosi tunakwenda kumuuliza mama yao, ndiye aliyekuwa ameshika pochi siku ile.