Kabla Hujaifukuzia Rekodi Barabarani

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikiifukuzia kwa baiskeli rekodi ya mteremko mmoja usiofika kilomita mbili, kwenye programu inayowapanga waendeshaji kwa muda wao katika kila kipande cha barabara. Asubuhi moja, nikiwa na hakika kwamba safari hii naipata, nilitokeza kwenye kona ya mwisho nikamkuta mama aliyemshika mtoto mkono ameanza kuvuka. Nilipita kando yao kwa nafasi isiyozidi urefu wa mkono. Hakunitukana, alisimama tu akinitazama, na mpaka leo naona heri angenitukana.

Kilichonikosesha usingizi baadaye ni hesabu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo ukitumia sekunde moja kuona hatari na kubana breki, mita 14 zimekwisha, na hata kwenye lami kavu utahitaji takriban mita 20 nyingine ndipo usimame. Kwa kilomita 25 kwa saa, umbali wote huo ni kama mita 12. Katika kona ile huwezi kuona zaidi ya mita 20 mbele yako, maana yake nilikuwa nimeshaamua kwamba sitaweza kusimama, hata kabla mama yule hajatoka nyumbani kwake.

Wengi wetu hujitetea kwamba hatari ni yetu wenyewe. Mwaka 2010 mwendesha baiskeli mmoja alifariki huko Berkeley, California, akiteremka kuitafuta tena rekodi aliyokuwa amenyang'anywa. Familia yake ikaishtaki Strava, kampuni yenye programu ya kupanga rekodi hizo, na mwaka 2013 mahakama ikaitupa kesi kwa hoja kwamba anayepanda baiskeli ameikubali hatari iliyomo. Hoja hiyo naikubali. Lakini mwaka 2012, huko San Francisco, mzee wa miaka 71 aligongwa na mwendesha baiskeli alipokuwa akivuka njia panda, akafa siku chache baadaye. Mzee yule alikuwa amekubali nini?

Kwa hiyo, ukitaka kujipima, jipime kwenye mlima. Huko mwendo ni mdogo na kinachoamua ni mapafu na miguu, ilhali kwenye mteremko mara nyingi anayeshinda ni yule aliyekataa kugusa breki. Kipande chenye taa, kivuko au njia panda kiache kabisa, na kama kiu ya ushindani haikatiki, jiandikishe kwenye mbio ambazo barabara zake zimefungwa. Tena kumbuka kwamba vifaa vyetu vya kurekodi safari hukosea mahali kwa mita kadhaa (changu kiliwahi kunionyesha nikipita juu ya paa la nyumba), hivyo sekunde moja unayoihatarishia maisha ya mwenzako huenda haikuwepo.

Wiki iliyofuata nilirudi pale kwa miguu, nikasimama kwenye kona kwa muda mrefu nikiwahesabu wanaovuka, kisha nikakiripoti kipande kile kwenye programu kuwa ni cha hatari. Orodha ya washindi ikafungwa, na jina langu, lililokuwa nafasi ya nne, likaondoka pamoja nayo.